Jinsi ya kuwaombea Wapalestina, zaidi ya kusema "Bwana wape amani"

Kwenye jumuiya yetu huku Machame, Kilimanjaro, mzee mmoja alipewa kuombea amani ya dunia, akaomba vizuri tu, mvua, vijana, bei ya kahawa, wanafunzi wa kidato cha nne, dakika kama kumi hivi, alafu mwishoni kabisa akasema "na wale wa huko Mashariki ya Kati Bwana uwape amani", tukaitikia amina, tukaanza kugawa chai. Binti yangu akaninong'oneza, mama, hao wa mwisho tumewaombea nini hasa? Nikakosa cha kumjibu. Yaani watu wanazika watoto wao na sisi tumewapa sekunde tano na neno moja.

Tangu siku ile nimejifunza mengi, na jumuiya imebadilika kiasi, kwaiyo naandika hapa tunavofanya sasa ili na wewe mwenye kikundi cha maombi, au unayeongoza maombi ya kanisa Jumapili, au unayesali peke yako kitandani, upate pa kuanzia. Naongelea Wapalestina, Ukingo wa Magharibi, Yerusalemu ya Mashariki na Gaza, maeneo ambayo Israeli iliyateka kwenye vita ya mwaka 1967 na ambayo watu wake mpaka leo wanaishi chini ya jeshi ambalo hawakulichagua.

Jua kwanza unamuombea nani

Huwezi kumuombea mtu usiyemjua, unaweza tu kutaja jina lake. Wengi wetu tukisikia Wapalestina tunafikiri ni habari ya Waislamu, wenzetu Waislamu waombe, sisi tuna yetu. Kwanza hata wangekuwa Waislamu wote bado ni watu wa Mungu na Yesu hakuuliza dini ya yule aliyelala njiani kwenda Yeriko. Lakini pia si kweli. Bethlehem, Beit Jala, Beit Sahour ambako wanasema ndiko wachungaji walikochunga kondoo usiku ule, Ramallah, Taybeh ambacho ni kijiji cha Wakristo, huko kote kuna makanisa yenye watu ambao babu zao walikuwa Wakristo kabla injili haijafika Ujerumani, achilia mbali Kilimanjaro. Siku ya Pentekoste soma Matendo 2, Waarabu wametajwa pale pale kati ya waliosikia matendo makuu ya Mungu kwa lugha yao. Sensa ya Palestina ya mwaka 2017 ilihesabu Wakristo kama 47,000, na wanazidi kupungua manake vijana wanaondoka.

Na wanasali kwa Kiarabu. Hapa sisi wa Kiswahili tuna neema ambayo wengine hawana, sala ni neno lao, haki ni neno lao, rehema, amani, adili, salamu, yote tumeyapata huko kwenye Kiarabu. Wao wakiimba "Bwana hurumia" wanasema Ya Rab irham, na hiyo irham ni rehema yetu hii hii. Sisi tumeanza kuitumia kama kiitikio, anayeongoza anataja jambo moja, wote tunaitikia Ya Rab irham, Bwana hurumia. Mama mmoja wa miaka sabini na kitu alikataa mwanzoni akasema hiyo ni ya msikitini, nikamueleza, akanyamaza, wiki iliyofuata ndiye aliyeitikia kwa sauti kuliko wote.

Zaburi 122, usianze mstari wa 6

"Utakieni Yerusalemu amani." Mstari huu kila mtu anaujua, uko kwenye kalenda, uko kwenye fulana, na unatumika sana makanisani kwetu kuonyesha kwamba kazi ya Mkristo ni kuiombea Israeli na kunyamazia mengine. Mi nakuomba fungua Biblia usome mstari wa 5 kabla ya huo. Unasema huko Yerusalemu viliwekwa viti vya hukumu. Viti vya hukumu kwanza, amani baadaye. Mtunga zaburi anauona mji wenye mahali pa kusikiliza mashtaka ya mnyonge, ndipo anasema utakieni amani. Kwaiyo ukiiombea Yerusalemu amani bila kugusa haki umeruka mstari. Na Yerusalemu ya leo ina Wayahudi na ina Wapalestina pia, wako zaidi ya theluthi moja ya watu wa mji ule, huwezi kuutakia mji amani ukawatoa hao.

Yeremia naye aliwakemea manabii waliokuwa wakisema "Amani, amani, wala hapana amani". Nikikumbuka ile sekunde tano yetu ya jumuiya naona tulikuwa kwenye kundi hilo, hatukuwa na nia mbaya, ila ndiko tulikokuwa.

Taja mahali, taja kitu

Hili ndilo lililobadilisha maombi yetu kuliko yote. Usiombee "Mashariki ya Kati". Chagua kitu kimoja kwa siku, kielewe, kiombee mpaka kiishe. Ntakupa vitatu.

Mizeituni. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja ndio msimu wa kuvuna, familia nzima inaenda shambani, wanatandika turubai chini, wanapiga matawi, wanaokota. Sisi wenye vihamba, yale mashamba ya ukoo ya huku Uchagani, tunaelewa, mzeituni kwao ni kama mgomba kwetu, babu alipanda, baba alitunza, wewe unakula. Sasa fikiria uende kihambani kwako ukute ili uingie unahitaji ruhusa ya jeshi na umepewa siku chache tu mwaka mzima, au ukute walowezi, Waisraeli waliohamia na kujenga juu ya kilima, wameshakata miti usiku, au wanakushukia na marungu na mawe na askari amesimama anaangalia. Hayo yanatokea kila msimu. Soma habari ya Nabothi kwenye 1 Wafalme 21, mfalme anataka shamba la mizabibu la jirani, jirani anasema huu ni urithi wa baba zangu, anauawa kwa mashahidi wa uongo. Alafu muombe hivi, au kwa maneno yako:

*Mungu wa Nabothi, uliona shamba lile na uliona damu ile. Waone wanaopanda ngazi leo kuvuna mizeituni ya babu zao huku wakigeuka nyuma kila dakika. Zuia mkono ulioshika shoka. Fungua geti lililofungwa. Ulituahidi kwa kinywa cha Isaya, hawatapanda akala mtu mwingine, nasi tunakukumbusha neno lako. Mafuta ya mwaka huu yafike nyumbani. Ya Rab irham.*

Nyumba. Hapa wa Dar watanielewa haraka, ule msalaba mwekundu wa X unaopakwa ukutani nyumba ikipangiwa kubomolewa, unaamka asubuhi unaukuta, na maisha yote yanasimama. Kwenye Ukingo wa Magharibi kuna eneo linaitwa Eneo C, kama asilimia 60 ya ardhi yote, ambalo Israeli inalitawala moja kwa moja, na Mpalestina kupata kibali cha kujenga pale ni nadra mno, kwaiyo mtoto akioa anajenga chumba bila kibali, alafu inakuja karatasi ya kubomoa. Buldoza likija wanapewa muda mfupi watoe vitu. Ukiombea hili usiombe tu "wape nyumba nyingine Bwana". Omba nyumba ibaki. Mwombee hakimu, mwombee wakili anayekimbia na faili, mwombee dereva wa lile buldoza, naye ni mtu, ana kwake anakorudi jioni.

Cha tatu ni kibali cha kwenda hospitali, na hiki kinanigusa sana kwa sababu ni cha kwetu Walutheri. Juu ya Mlima wa Mizeituni kuna hospitali ya Augusta Victoria, jengo walijenga Wajerumani enzi zile zile walipokuwa wanatutawala huku, sasa inaendeshwa na Fungamano la Kilutheri la Dunia, familia ile ile ambayo KKKT imo, ile ambayo Askofu Kibira wa Bukoba aliwahi kuwa rais wake kuanzia 1977 na baadaye Askofu Munib Younan wa Yerusalemu kuanzia 2010. Wapalestina wenye saratani na wanaosafishwa figo wanategemea hospitali hiyo. Lakini iko upande wa pili wa ukuta ambao Israeli imeujenga, kwaiyo mgonjwa wa Hebroni kule Ukingo wa Magharibi, na wa Gaza pia kabla ya vita ya 2023 kufunga njia, lazima apate kibali kwanza, na kibali kinaweza kuchelewa au kukataliwa, na mara nyingine mtoto anaruhusiwa, mama yake hapana. Mtoto wa saratani anaenda kupigwa dawa na bibi, au na ndugu mwingine aliyeruhusiwa. Mi ni mama, nilishalala na mtoto wodini, nikifika hapa kwenye maombi sauti huwa inakata.

*Bwana Yesu, ulimshika mkono binti wa Yairo akiwa amelala na mama yake alikuwa pale pale. Kuna mtoto leo ana sindano mkononi na mama yake yuko ng'ambo ya ukuta anasubiri simu. Kaa naye wewe. Mlainishe anayegonga muhuri. Wape nguvu madaktari na manesi wanaopita vizuizi vya jeshi kila asubuhi ili wafike zamu. Ukuta usiwe mkubwa kuliko huruma.*

Unaona tofauti? Mtu akisikia sala hiyo anajua ameomba nini. Na wewe wiki ijayo unaweza kuangalia imekuwaje.

Kilio kwanza

Sisi tunapenda kukimbilia ushindi. Mtu hajamaliza kulia tumeshaanza "lakini Mungu ni mwema". Kwa watu hawa nakusihi usifanye hivo. Gaza tangu Oktoba 2023 wameuawa makumi ya maelfu, mtu anaingia kwenye kifusi kutafuta ndugu zake kwa mikono. Usiku wa tarehe 19 Oktoba 2023 watu waliokimbilia kanisa la kale la Mtakatifu Porfirio pale Gaza wakidhani kanisani ni salama, jengo moja la ndani ya eneo la kanisa lilipigwa na wengi wakafa humo. Julai 2025 kanisa Katoliki la Familia Takatifu nalo likapigwa, wakafa watatu. Unaanzaje kusema haleluya hapo?

Biblia imetupa maneno, "Ee Bwana, hata lini". Zaburi ya 13, Zaburi ya 10, Habakuki sura ya kwanza. Soma taratibu, alafu nyamazeni dakika tatu. Dakika tatu kwenye jumuiya ni ndefu, watu watakohoa, mtoto atauliza mbona kimya, mwache aulize. Krismasi ya 2023 kanisa la Kilutheri la Bethlehem lilimlaza Mtoto Yesu kwenye kifusi badala ya hori, mchungaji wao Munther Isaac akahubiri kwamba Kristo yuko chini ya kifusi, na Bethlehem nzima haikuwa na sherehe mwaka ule. Unaweza kufanya kidogo kama hivo, sisi tuliweka mawe mezani pale panapokaa mshumaa, basi, hatukuongea chochote.

Upande wa pili nao

Kuna sala ambazo mi nimeziacha. "Bwana wapige, moto, moto, wateketee." Tumezizoea kwenye mikesha, lakini ukiwatamkia binadamu zinakuwa kitu kingine. Hasira ipeleke kwa Mungu, Zaburi zimejaa hasira, usiifiche, ila umuachie yeye.

Waombee Waisraeli kwa jina pia. Tarehe 7 Oktoba 2023 Hamas waliua watu kama 1,200 na kuteka watu 251, na sisi Watanzania tulipoteza vijana wetu wawili waliokuwa wamekwenda kule kujifunza kilimo. Wazazi wao walilia hapa hapa Tanzania. Kwaiyo asikuambie mtu kwamba kuwaombea Wapalestina ni kuyasahau hayo, wala kwamba kuyakumbuka hayo kunafuta ya Wapalestina. Omba kwa ajili ya yule askari wa miaka kumi na tisa aliyewekwa kwenye kizuizi na bunduki, anayemwambia mzee wa rika la babu yake avue mkanda. Ombea Mungu amuonyeshe sura ya yule mzee. Waombee Wayahudi wanaokataa, wapo, kuna marabi wanaoenda kila msimu kusimama kati ya walowezi na wavunaji wa mizeituni, na kuna kundi la wazazi wa pande zote mbili waliopoteza watoto wanaokaa meza moja tangu 1995. Hao ni sala inayotembea.

Na mchungaji wako akisema Israeli ni taifa teule kwaiyo tusiingilie, usigombane naye madhabahuni, haisaidii. Nenda kwake jioni na Biblia, muulize manabii Amosi, Mika na Isaya walikuwa wanalikemea taifa gani kwa kuonea maskini. Walilipenda taifa lao na ndio maana waliliambia ukweli. Alafu muombe akuachie dakika tano tu kwenye maombi ya kanisa.

Hata sisi wenyewe tukumbuke tulikotoka. Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Moshi, alinyongwa na Wajerumani pale Old Moshi mwaka 1900, mpaka leo ukoo wake unatafuta kichwa chake, na wazee wetu wa imani walikuwa wanajifunza Baba Yetu miaka ile ile. Walisali chini ya watawala wa kigeni. Na Yesu naye alizaliwa safarini kwa sababu Kaisari ametaka kuhesabu watu, ile habari ya kulazimishwa kwenda maili moja ni askari wa Kirumi anakusimamisha njiani ubebe mzigo wake. "Ufalme wako uje" ilitamkwa mara ya kwanza na watu wenye askari barabarani. Isali Baba Yetu ukilikumbuka hilo, utaona inavobadilika mdomoni.

Siku na saa

Bila saa maalum utasahau, nakuambia kwa uzoefu. Pale Yerusalemu kuna kituo cha Wakristo Wapalestina kinaitwa Sabeel, kilianzishwa na padri Mwanglikana Naim Ateek na wenzake, wana utaratibu wa wimbi la maombi kila Alhamisi saa sita mchana, kila nchi kwa saa yake, yaani saa sita inavozunguka dunia na maombi yanazunguka nayo. Sisi tumejiunga. Sio lazima mkutane, mi niko sokoni saa hiyo mara nyingi, alamu ya simu inalia, nasogea nyuma ya meza, naweka mkono kifuani, nasali dakika mbili, narudi kuuza. Kwenye grupu la watsapu mmoja wetu anaandika asubuhi jambo la siku hiyo, mistari miwili tu, sio klipu. Klipu za maiti za watoto tumekataza, kwanza nyingi hujui ni za wapi, pili mtoto wa mtu sio chombo cha kuamsha watu maombi.

Na wanawake mlioadhimisha Siku ya Maombi ya Dunia Ijumaa ya tarehe 1 Machi 2024, ile ibada iliandaliwa na wanawake Wakristo wa Palestina wenyewe, kutoka Waefeso 4, mkichukuliana katika upendo. Itafute ile karatasi, wengi bado tunayo kwenye droo, ina sala zao kwa maneno yao, itumie tena.

Papa Fransisko kabla hajafa Aprili 2025 alikuwa anapiga simu karibu kila jioni kwenye ile parokia ya Gaza, hata akiwa mgonjwa hospitali, anauliza mmekula nini leo. Nalipenda sana swali hilo. Kama una mtu unayemfahamu kule, au kanisa lako lina uhusiano nao, wapigie, uliza wamekula nini. Na wanaoenda hija Bethlehem, jamani msiingie Kanisa la Kuzaliwa mkapiga picha na kurudi kwenye basi, ulizeni kanisa la mtaani wanasali saa ngapi, kaeni nao Jumapili moja.

Usipoona majibu

Beit Jala kuna bonde linaitwa Cremisan, mashamba ya mizeituni ya familia za Kikristo, ukuta ulipangwa kupita hapo. Kwa miaka mapadri walikuwa wanaadhimisha misa kila Ijumaa nje, katikati ya miti, meza ndogo, kitambaa cheupe, watu wamekaa kwenye mawe. Agosti 2015 mabuldoza yakaja yakang'oa mizeituni.

Binti yangu aliniuliza tena, sasa zile misa zilisaidia nini. Mara hii nilimjibu kidogo. Nilimwambia habari ya mjane wa Luka 18, alikuwa anarudi kwa yule kadhi kila siku na sentensi moja tu, "Nipatie haki na adui wangu", na Yesu anasema habari hiyo hasa ili tusikate tamaa, manake alijua tutafika mahali pa kukata tamaa. Na pale Bethlehem karibu na kizuizi kikubwa kuna picha ya Bikira Maria imechorwa juu ya ukuta wenyewe, masista wa hospitali ya watoto wamekuwa wakitembea pale Ijumaa na rozari, ukuta upo, na Ijumaa ikifika wanakwenda. Paulo anasema Kristo alikibomoa kiambaza cha kati kilichotutenga. Wao wanakwenda kumkumbusha.

Alhamisi hii kwetu ni zamu ya wale wagonjwa wa Augusta Victoria. Kama na wewe una mtu wako anapigwa dawa za saratani, KCMC au Ocean Road au popote, litaje jina lake kwanza, alafu useme, na yule mtoto wa Gaza, na mama yake.